Mgonjwa wa Akili Ana Mwili Pia

Katika vijiji vyetu vya kando ya Ziwa Tanganyika, mgonjwa wa akili akisha kutulizwa na dawa, jamaa husema: "Mwacheni ale na kuvuta apendavyo, hana starehe nyingine." Maneno hayo ni ya huruma, lakini ni huruma inayoua polepole.

Shirika la Afya Duniani limetangaza kwamba watu wenye maradhi makali ya akili hufa miaka 10 hata 20 mapema kuliko wenzao. Wengi hawauawi na wazimu, bali na maradhi ya moyo, mapafu na mengine yanayoweza kuzuiwa. Ugonjwa humwondolea mtu ari. Baadhi ya dawa humzidishia njaa na unene. Tumbaku humaliza kilichosalia.

Mdogo wangu ni mgonjwa wa namna hiyo. Tunakaa karibu na Ujiji. Dawa zilimrudishia usingizi na maneno ya utaratibu, ila akawa mtu wa mkekani: ugali maradufu, soda, sigara. Kumkaripia hakukufaa kitu. Mama ndiye aliyepata njia. Hakumwamuru, alimwomba: "Baba, nisindikize mwaloni." Tangu hapo, alfajiri, mitumbwi ya dagaa inaporudi, huenda wote wawili, naye hubeba ndoo. Miezi ya kwanza tuliridhika na hilo tu. Kisha soda ikawa ya Jumapili, na sigara zikapungua. Zipo siku hukataa kuamka. Siku hizo hatumsumbui, twamwomba tena kesho yake. Juzi mama alishikwa na homa. Mdogo wangu alichukua ndoo, akaenda peke yake.

Basi, wazazi na ndugu, mwanzieni jambo moja dogo, tena lifanyeni pamoja naye. Msimwachishe dawa kwa sababu ya unene. Mwombeni daktari ampime uzito, presha na sukari. Akitaka kuacha sigara, daktari aambiwe kwanza, maana moshi wa tumbaku hubadili nguvu ya baadhi ya dawa.

Mtakatifu Yohane wa Mungu, aliyefariki Granada mwaka 1550, aliwahi kufungiwa kama mwenda wazimu. Alipotoka alifungua nyumba ya kuwatunza wagonjwa. Atuombee tusichoke kutembea na wetu.