Picha ya Karatasi na Thamani Yake

Msomaji wangu, sisi tukaao katika vilima vya Kisii na Nyamira twaijua thamani ya jiwe. Wachongaji wa Tabaka hulichonga jiwe laini likawa sanamu, nayo isipoangushwa hudumu miaka mingi. Karatasi haina nguvu hiyo. Mvua zetu ni nyingi, kuta hushika unyevu, na mchwa hawachagui. Je, picha ya karatasi yaweza kudumu?

Naam, yaweza. Mwaka 1508 Mjerumani Albrecht Dürer, wa mji wa Nuremberg, alichora kwa brashi na wino mikono miwili isaliyo. Yalikuwa matayarisho tu ya picha kubwa ya altare, iliyopakwa rangi juu ya mbao. Sehemu ya katikati ya picha ile kubwa iliteketea kwa moto mjini Munich mwaka 1729. Lakini ile karatasi ingaliko, katika makumbusho ya Albertina, mjini Vienna. Humo pia imo picha yake ya sungura, ya rangi za maji, ya mwaka 1502. Hii haionyeshwi kila siku, kwa kuwa mwanga hufifisha rangi.

Bibi mmoja wa Nyamira alipata kunionyesha picha ya Bikira Maria na Mtoto, yenye maneno ya Kijerumani chini yake. Marehemu mumewe alipewa na padri. Mchuuzi alitaka kuinunua, na mjukuu wa bibi alidaiwa karo.

“Mwalimu,” akaniuliza, “yapata shilingi ngapi?”

“Nyanya,” nikamjibu, “kwanza tujue ni kitu gani.”

Tukaitazama kwa kioo cha kukuzia. Picha ya chapa mara nyingi huonyesha vitone vidogo vilivyopangwa sawasawa. Ya brashi huonyesha rangi iliyonywewa na karatasi, nzito hapa, nyepesi pale, na pengine mistari ya penseli chini yake. Hiyo ilikuwa ya brashi. Kisha tukatazama nyuma, maana huko huandikwa jina, mwaka, au mahali. Mwisho tukauliza habari zake: nani alimpa nani, na lini? Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi mjukuu akayaandika maneno ya bibi katika karatasi ya pembeni, si juu ya picha.

Bei sikuitaja, kwani hiyo ni kazi ya mjuzi wa soko. Wala haifai anunuaye awe ndiye mkadiriaji. Kuuza au kutouza ni shauri la bibi mwenyewe, maana karo nayo ni haja ya kweli. Lakini sasa angeamua akijua alicho nacho.

Nawe ukiwa na picha ya namna hiyo, usiipanguse kwa kitambaa chenye maji, kwani rangi itatoka. Usiitundike juani, wala karibu na moshi wa jiko, wala katika ukuta wenye unyevu. Usiibandike kwa gundi. Karatasi isigusane na kioo cha fremu, na nyuma yake usiweke ubao mtupu wala kadibodi ya sanduku, maana huigeuza kuwa ya kahawia.

Zaidi ya yote, waulize wazee wako habari za vitu vya nyumbani wangali hai. Doa laweza kumpata fundi wa kuliondoa; habari iliyozikwa na mwenyewe haina fundi.