Pembetatu iliyonifunza kufikiri

Leo siandiki kuhusu simu mpya wala programu ya bure ya kupakua. Nataka kuwaeleza jinsi nilivyoaibika, na kilichofuata.

Nilikuwa nimemaliza digrii yangu ya sayansi ya kompyuta nikaitwa kwa mahojiano ya kazi katika kampuni moja hapa Nairobi. Nilivaa tai niliyoazima kwa kaka yangu. Nikapewa kalamu, nikaelekezwa ubaoni, nikaulizwa swali fupi: una orodha ya namba, tafuta mbili ambazo ukizijumlisha unapata 100. Dakika kumi zikapita. Maneno yote ya darasani nilikuwa nayo kichwani, lakini sikujua nianzie wapi. Kazi sikuipata, na siwezi kuwalaumu.

Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye ndiye aliyenionyesha Project Euler. Akaniambia, "Jaribu hii bwana, hapa hakuna anayekuona ukikosea." Kwa wale wasioijua, ni tovuti ya mafumbo ya hesabu na programu iliyoanzishwa mwaka 2001 na Colin Hughes, na hulipi chochote. Unasoma swali, unaandika programu kwa lugha yoyote uipendayo, kisha unaingiza jibu. Unaambiwa umepata au umekosa, basi. Umekosea wapi, hiyo ni juu yako.

Swali la kwanza linataka jumla ya namba zote zilizo chini ya 1000 zinazogawanyika kwa 3 au 5. Wametoa mfano: chini ya 10 kuna 3, 5, 6 na 9, jumla 23. Programu yangu ilitoa 23 sawasawa, lakini kwa 1000 nikaambiwa nimekosa! Nilihangaika jioni nzima. Mwishowe nikachukua karatasi nikaandika namba za chini ya 20 kwa mkono. Mimi nilipata 78, programu ikatoa 93. Tofauti ni 15. Kumbe nilikuwa nimejumlisha za 3, kisha za 5, na 15 ikahesabiwa mara mbili. Mfano wao ulikuwa mdogo mno kunionyesha kosa langu, ilibidi nijitungie wangu.

Halafu nikafika swali la 18. Una pembetatu ya namba yenye mistari 15. Unaanza juu, unashuka mstari mmoja mmoja ukiingia kwenye namba moja kati ya mbili zilizo chini yako, na unatafuta njia yenye jumla kubwa zaidi. Njia ziko 16,384 tu. Nikaiacha kompyuta ijaribu zote, ikamaliza mara moja. Nikajiona fundi.

Swali la 67 ni lile lile, ila mistari ni 100. Idadi ya njia sasa ni namba yenye tarakimu 30. Hakuna kompyuta itakayozijaribu zote wewe ukiwa hai. Baada ya siku tatu nilichoka, nikatafuta jibu kwenye intaneti, nikalinakili. Nikaambiwa nimepata. Usiku huo sikuwa na raha, kwa sababu nilijua nikirudi mbele ya ule ubao nitasimama vile vile.

Nikarudi kwa karatasi, na pembetatu ndogo hii:

3
7 4
2 4 6
8 5 9 3

Safari hii nilianzia chini. Aliyesimama kwenye 2 atachagua 8, siyo 5, kwa hiyo ile 2 ina thamani ya 10. Ile 4 inachukua 9, inakuwa 13. Ile 6 nayo inakuwa 15. Mstari wa chini umekwisha kazi, ufute. Ukipanda tena, 7 inakuwa 20 na 4 inakuwa 19. Juu kabisa unapata 23. Kwa mistari 100 ni hatua 4,950 peke yake. Niliruka kitini!

Wiki hiyo nikalikumbuka swali la ubaoni. Nikaandika namba tano: 40, 85, 7, 60, 22. Nikapita moja moja, kila moja nikijiuliza, "Inayokosa ili tufike 100 nimeshaiona?" Nilipofika 60, jibu likawa ndiyo, 40. Kupita mara moja tu, ukikumbuka ulizopita. Ni hilo tu walilotaka!

Siku hizi nina kazi, na programu ikinishinda huwa sianzi na kibodi. Naanza na karatasi na mfano mdogo ninaoweza kuumaliza kwa mkono. Sijayamaliza mafumbo ya Project Euler, hata karibu sijafika. Lakini nikikwama naweza kukaa na fumbo bila kukimbilia jibu la mtu mwingine.

Haya, chukua kalamu ujaribu lile la kwanza. Na ukitoa 266333, unajua ni ile 15 na wenzake.