Nilimkalisha Aliyeona Sawasawa

Nilipokuwa mwalimu wa sayansi Mitwaba, huku Katanga, niliwafundisha watoto jambo lisilo kweli, kisha nikamnyamazisha aliyeliona kosa langu. Naungama yote mawili, na la pili ndilo linaloniuma zaidi.

Mitwaba ni nchi ya wachimbaji wa kasiteriti, yaani mawe ya bati, na watoto wake wanayajua mawe. Mwanafunzi mmoja alileta darasani jiwe lililopasuka, usoni mwake kuna matawi meusi, membamba, mfano wa kangaga. Nikatangaza kuwa ni mmea wa kale uliogeuka jiwe. Darasa zima likaandika. Mwenye jiwe akanyoosha mkono: "Mwalimu, jani hili halina mishipa. Na tulipolivunja ubavuni, weusi uliishia kwenye ufa." Nikamwambia akae, asibishane na mkubwa. Akakaa.

Alikuwa sahihi. Maji yenye manganizi hupenya katika ufa na kuacha madini yake humo. Ncha iliyotangulia hupata madini mapya kabla ya zilizo nyuma, basi huzidi kurefuka. Ubavuni mwake huchomoza nyingine, na tawi huzaa tawi. Hapakuwa na mbegu wala mzizi. Hata kemikali iitwayo iodidi ya kadimiamu, ikipashwa moto ndani ya mrija wa kioo uliozibwa, hugeuka mvuke na kuganda upande wa baridi, na fuwele zake zaweza kutoa matawi vilevile.

Umbo lilikuwa likinieleza jinsi kitu kilivyokua. Mimi nikadhani linanitajia jina lake. Na ndani ya fuwele mna siri zaidi. Tabaka za iodidi hiyo zimeonekana zikipangana kwa namna zaidi ya 200, ilhali kemia yake ni ileile. Katanga tunao mfano wetu: heterojeniti, madini meusi ya kobalti. Mwaka 1973 watafiti Deliens na Goethals walieleza aina zake mbili, moja ikirudia mpangilio kila tabaka 2, nyingine kila tabaka 3. Kuzitenganisha kunataka eksirei. Mimi nilitupa jicho mara moja nikahukumu.

Mwanafunzi yule nimemwomba radhi, akanisamehe. Ninyi wenzake mlioandika maneno yangu, yafuteni. Na aliye mwalimu kati yenu leo, mtoto akinyoosha mkono, mpe nyundo na jiwe, avunje mbele ya wenzake.