Nanga Kabla ya Tanga

Katika lugha ya pwani neno sifa lina maana mbili, na mabaharia wa zamani walizijua zote mbili. Ya kwanza ni ile wanayoitoa watu kwa midomo yao, wakimpa mtu au wakikipa chombo. Ya pili ni mafuta ya papa, mazito, yenye harufu kali, yanayopakwa kwenye mbao za jahazi ili zisikauke na kupasuka kwa jua na chumvi. Sifa ya kwanza hutolewa bure na kila apitaye ufukweni. Ya pili huipaka mwenye chombo kwa mkono wake, na aghalabu hakuna asimamaye kumtazama.

Mtu mmoja wa Wete, kisiwani Pemba, mtoto wa nahodha, alizijua maana hizo mbili tangu utotoni. Alipohamia Karatu akaisahau moja.

Alifika huko kama wafikavyo wengi, akiifuata riziki ya utalii. Karatu ni mji uliotandazwa kando ya barabara, kwenye kimo cha mita 1,500 hivi juu ya bahari, baina ya mashamba ya mahindi na ya ngano, na mibuni katika miteremko ya Oldeani. Udongo wake ni mwekundu, na wakati wa kiangazi vumbi lake huingia hata ndani ya sanduku lililofungwa. Wenyeji wake wengi ni Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi, na mgeni kutoka visiwani huisikiliza mwaka mzima asiambulie neno. Takriban kila gari la watalii linalotoka Arusha kwenda Ngorongoro hupita katika mji huo. Yeye akawa dereva wa mojawapo. Aliiteremsha Land Cruiser ya tajiri wake kwenye kreta kwa njia ya Seneto, akawazungusha wageni katika bonde lile la kilomita za mraba 260 hivi, kisha akaipandisha kwa njia ya Lerai, kimo cha mita 600 kutoka chini hadi ukingoni.

Mwaka 2014 alinunua gari lake mwenyewe. Wenzake walinunua viwanja, au pikipiki za kukodisha. Yeye alinunua Subaru Impreza ya mwaka 2007, ya milango mitano, fupi, isiyo na buti la kutokeza nyuma, iliyokwisha kutumika Japani kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam. Injini yake ilikuwa ya lita mbili, yenye turbo, na nguvu za farasi 250. Rangi yake ilikuwa buluu, na buluu ile ilikuwa na historia. Gari la jina hilo na rangi hiyo ndilo alilolitumia Colin McRae kushinda Safari Rally mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000, katika mashindano yaliyoanza 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakizipita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Katika mji ambamo magari mengi ni marefu, ya rangi ya mchanga au ya majani, gari lile lilikuwa kama ndege wa baharini aliyepotea bara. Watoto walilikimbilia. Vijana wa pikipiki walimwomba alingurumishe. Nalo lilistahili kutazamwa. Kwenye ukingo wa kreta, mita 2,300 juu ya bahari, hewa imepungua hata kubaki yapata robo tatu ya ile ya Wete, na injini ya kawaida huhema huko kama mzee apandaye ngazi. Turbo huisukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu, na kwa hiyo gari lile dogo lilipanda milima pasipo kulalamika. Ndani ya kreta halikuruhusiwa kuteremka, kwa sababu huko hutakiwa magari ya juu yenye kuhimili njia mbovu. Lakini juu ya lami halikuwa na mpinzani, na mwenyewe alijua.

Basi likapata sifa ya watu. Sifa ya papa halikuipata.

Kila jioni, kabla ya kuikabidhi Land Cruiser ya tajiri, aliikagua kwa utaratibu: oili, maji, springi, breki, tairi moja moja. Alifanya hivyo kwa sababu ni kazi, na kwa sababu roho za wageni zilikuwa mikononi mwake. Gari lake mwenyewe lilimngoja nje ya nyumba. Aliliosha kila Ijumaa na kuzing'arisha rimu zake. Oili aliibadilisha alipokumbuka. Mafuta ya breki hakuyagusa tangu siku alipolinunua. Wahenga walikwishasema: kinyozi hajinyoi.

Mwaka 2016 mama yake alisafiri kutoka Pemba kuja kumwona mjukuu. Alikaa wiki tatu, akalalamikia baridi, akausifu mtindi. Siku ya kurudi, mwanawe akasisitiza kumpeleka mwenyewe hadi Arusha. Ile lami ya kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani. Ni barabara nzuri, na baada ya kuupita Rhotia hufika kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, ambapo ardhi hukatika ghafla na Ziwa Manyara huonekana chini likimeta. Kutoka hapo barabara huteremka kwa kona kali hadi Mto wa Mbu. Hapo ndipo mwana alipotaka mama yake aone gari linaweza nini.

Kona ya kwanza aliiingia kwa kasi, akakanyaga breki kwa nguvu, gari likatii. Ya pili vivyo hivyo. Alipoikaribia ya tatu mguu wake ulizama. Kikanyagio kilikwenda hadi chini, laini, kama unyayo uzamao kwenye tope la mikoko, na gari halikupunguza mwendo. Alishusha gia, akashusha tena, injini ikalia. Akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, akaliegemeza gari upande wa mlima hata likasimama kwenye changarawe, karibu na wauza vinyago. Harufu ya kuungua ikajaa ndani.

Mama hakupiga kelele. Alikuwa na tasbihi mkononi, akaimaliza duru aliyoianza. Kisha akasema, bila ya ukali: "Mwanangu, baba yako alikuwa akitazama nanga kabla ya tanga."

Hakuongeza neno. Ikasimamishwa Noah ya abiria iliyokuwa ikienda Arusha, mama akapanda, mizigo yake ikafungwa juu. Mwana akabaki ukingoni na gari lake la buluu, akiitazama Noah ikizunguka kona za chini polepole, ikiwa imembeba mama yake, mpaka ikaingia katika migomba ya Mto wa Mbu.

Kesho yake gari lilikuwa Karatu, chini ya mjakaranda, kwa fundi wa makamo ambaye gereji yake haikuwa na paa. Fundi alifungua kichupa cha mafuta ya breki, akachovya kitambaa, akakitoa kikiwa cheusi.

"Sheikh," akasema, "haya si mafuta. Hii ni chai ya jana."

Akamweleza. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, kidogo kidogo, hata kama chupa imefungwa. Yale yaliyoandikwa DOT 4, yakiwa mapya, hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230. Yakishaingiwa na maji kiwango hicho hushuka hadi 155. Breki za gari zito wa mwendo, mteremkoni, hupita hapo kwa urahisi. Yakichemka huzaa mvuke, na mvuke hubonyea ambapo mafuta hayabonyei. Ndiyo maana mguu huzama na gurudumu lisijue kwamba limeamrishwa kusimama. Yakipoa, kikanyagio hurudi kama kwamba hapakuwa na jambo. Dawa yake ni kuyamwaga yote na kutia mapya kila baada ya miaka miwili, na haizidi kazi ya asubuhi moja.

"Mimi mwenyewe naweza kuifanya?" akauliza.

"Gari ni la nani?" fundi akajibu.

Akaanza kwenda pale kila Jumapili aliyokuwa hana wageni. Hakuwa mwanafunzi mgumu. Alikwisha kushika spana za watu wengi. Kilichokuwa kigeni kwake ni kulitazama lile gari kama kitu kinachoweza kufa. Alijifunza kwamba silinda zake nne zimelala, mbili kushoto na mbili kulia, zikipigana ngumi zisizofikiana, na kwamba ule mngurumo waliousifu vijana ungegeuka mgongo wa chuma kwa chuma siku ambayo beringi za shafti zingekosa oili. Kwa vumbi la Karatu akaamua kuibadilisha kila kilomita 5,000, na kila Ijumaa, kabla ya kugusa ndoo ya kuoshea, akachomoa kijiti cha kupimia. Alijifunza kwamba turbo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na ulainifu wake ni utando wa oili tu. Mtu akizima injini palepale baada ya kupanda mlima mrefu, oili ile huungulia ndani. Basi akawa akifika nyumbani huliacha lipumue dakika moja au mbili, naye ameketi kimya. Alijifunza kwamba kwenye kimo cha Karatu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na kwa hiyo kifuniko cha rejeta, kinachoyazuia maji yasichemke mapema, si kitu cha kudharauliwa.

Na tairi. Gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne hutaka tairi nne zilizolingana. Moja ikiwa mpya na tatu zimelika, ile mpya huwa kubwa kidogo, na difu ya kati hulazimika kusuluhisha tofauti hiyo safari nzima mpaka ichoke. Hilo halikumpa taabu kulifahamu. Kwao Pemba mtoto hukua akijua kwamba mshororo mmoja ukipungua mizani, shairi lote huitwa guni, hata kama mishororo mitatu iliyobaki haina kasoro. Alizoea kununua tairi moja moja, kila ilipopasuka; sasa akaweka akiba ya kununua nne.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa mkanda. Mkanda wa taiming wa injini ile unatakiwa kubadilishwa kwenye kilomita 100,000, na mita ilisoma 96,000. Ukikatika njiani, pistoni na valvu hukutana, na injini huishia hapo. Wakati huo alikuwa amekusanya fedha za ekzosi pana, ya kung'aa, ambayo ingeufanya mngurumo usikike tangu Rhotia. Fedha zilitosha kitu kimoja. Ekzosi ingeonekana na kila mtu. Mkanda hukaa ndani ya kifuniko cha plastiki asiouona hata mwenyewe. Alilala siku mbili akilifikiri. Siku ya tatu akanunua mkanda, roli zake na pampu ya maji, vyote kwa pamoja, naye ndiye aliyemshikia fundi taa.

Historia ya mashindano yenyewe iko upande wa wapakao mafuta. Mwaka 1965 Safari Rally ilishindwa na ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant, ndani ya Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976. Watu walimwita Simba. Lakini simba huyo aliijua kila nati ya gari lake, na katika njia zile za matope ya kwanza na vumbi la pili, aliyefika hakuwa sikuzote mwenye mbio kuliko wote, bali yule ambaye chombo chake hakikuvunjika.

Huko Karatu mwenye gari alinunua daftari la shule. Akalipiga mistari: tarehe, kilomita, kilichofanywa, kilichobaki. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, na kurasa zilichafuka kwa vidole vya oili, lakini hapakuwa na mstari uliorukwa. Vijana wa pikipiki waliendelea kumwomba alingurumishe, na mara mojamoja alikubali. Baba yake naye alipenda kusifiwa tanga lake, lakini baada ya kupaka.

Mwaka 2018 mama akaja tena, mjukuu akiwa ameanza kusema. Wiki moja kabla ya siku ya kuondoka, daftari lilionyesha kwamba miaka miwili ya mafuta ya breki imetimia. Akayamwaga, akatia mapya, akampa mkewe kazi ya kukanyaga na kuachia huku yeye akiwa chini na mpira na chupa, gurudumu kwa gurudumu, mpaka mapovu yakaisha. Mama alikuwa barazani akichambua mchele. Akauliza ni nini kile.

"Natazama nanga, Mama."

Mama akaendelea kuchambua.

Waliondoka alfajiri. Walipoupita Rhotia ukungu ulikuwa haujaondoka, na ziwa halikuonekana. Ukingoni akaingiza gia ya pili, akaiacha injini ilishikilie gari, akakanyaga breki kwa ufupi na kwa nadra. Noah mbili zikampita. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kikanyagio kilikuwa kigumu chini ya mguu wake kama ubao wa jahazi. Walipofika kwenye migomba ya Mto wa Mbu akageuza uso ili aseme neno.

Mama alikuwa amelala.