Siku za Kumngoja Belal

Madirisha ya Saint-Denis hayana nondo. Kwetu Dar es Salaam fundi hakabidhi nyumba bila nondo, maana adui tunayemtarajia dirishani ni mwizi. Hapa adui ni upepo. Kila dirisha lina milango miwili midogo ya mbao nene, na ndani kuna komeo la chuma la kuifunga kwa nguvu. Siku za kawaida milango hiyo imefunguliwa, imelala ukutani, imepakwa bluu au kijani, na mgeni hudhani ni urembo tu. Urembo wenyewe uko juu yake: pembezoni mwa mapaa ya nyumba za zamani wametundika nakshi za bati na mbao zilizokatwa kwa maumbo ya majani na maua, na hata hizo zina kazi, kwa kuwa maji ya mvua hudondokea hapo badala ya kuteremka ukutani.

Saint-Denis ni mji mkuu wa Réunion, kisiwa cha Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Ukiitafuta kwenye ramani, pita Madagaska yote uende mashariki utaona nukta mbili: ya kwanza ni Réunion, ya pili ni Mauritius. Kwa eneo inaizidi Unguja kwa nusu yake hivi, lakini Unguja ni tambarare na hiki ni mlima mmoja uliochomoza baharini. Kilele chake, Piton des Neiges, kimepita mita 3,000. Watu wamebanana ukingoni mwa maji, na mito inateremka kutoka juu kwa kasi ya kutisha. Pale barabara inapokata korongo, mara nyingine hawakujenga daraja bali sakafu ya zege chini kabisa, ambayo mto ukijaa hupita juu yake na njia hufungwa. Nilipouliza kwa nini, nilitajiwa mvua. Tarehe 7 na 8 Januari 1966, mahali paitwapo Foc-Foc palinyeshewa milimita 1,825 ndani ya saa 24. Dar es Salaam haipati kiasi hicho kwa mwaka mzima.

Nilifikia kwa mama mmoja wa asili ya Ngazidja, ambaye mtaa mzima unamwita Koko, yaani bibi. Kingazidja chake na Kiswahili changu vilifahamiana nusu ya njia, na nusu iliyobaki tuliimaliza kwa Kifaransa, chake kizuri na changu cha kuokoteza. Ilikuwa Januari 2024. Kwetu Januari ni kaskazi, upepo ule ule ulioleta majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi tangu enzi, na wavuvi wa pwani huupenda kuliko kusi. Kwa Koko miezi hiyo, kuanzia Novemba hadi Aprili, ni msimu wa vimbunga. Katika stoo yake kulikuwa na maboksi ya maji, mishumaa, sardini za kopo, mchele, betri na mtungi wa gesi wa akiba. Sijui nyumba ya Kariakoo yenye stoo ya namna hiyo. Sisi huweka akiba ya futari.

Habari ya kimbunga Belal haikumfikia Koko kwa simu. Ilitoka kwa jirani, mzee mstaafu ambaye vijana kwa wazee wanamwita Tonton. Barazani kwake amebandika ramani kubwa ya bahari, kutoka pwani ya Msumbiji hadi mbali mashariki ya kisiwa cha Rodrigues, yenye mistari ya latitudo na longitudo. Redio ikitaja kilipo kimbunga, yeye hutia nukta kwa penseli, kisha huiunganisha na ya kabla yake. Vipimo hutolewa kila baada ya saa sita, na kwa saa za huku huangukia saa nne na saa kumi, mchana na usiku. Kwa hiyo saa kumi alfajiri taa ya Tonton huwa inawaka. Chini ya mistari mipya yalionekana mabaki ya ile ya zamani, kila mmoja na jina lake: Firinga wa 1989, Dina wa 2002, Gamède wa 2007, Bejisa wa 2014. Alinionyesha pia Hyacinthe wa Januari 1980, mstari uliojipinda ukarudi nyuma, ukajipinda tena, ukizungukazunguka karibu na kisiwa kwa majuma mawili. Penseli yake ilikuwa imetoboa karatasi mahali pale.

Nilimuuliza kwa nini kimbunga kisiende njia moja kama gari moshi. Tonton alinieleza kwa subira ya mtu aliyekwisha kuwaeleza wengi. Kimbunga hakina miguu. Huchukuliwa na mikondo ya hewa inayokizunguka. Kwa kawaida kusini ya visiwa hivi hukaa eneo kubwa la mgandamizo mkubwa wa hewa, na upepo unaolizunguka hukisukuma kimbunga magharibi, hadi Madagaska na pengine Msumbiji. Eneo hilo likipasuka, au bonde la mgandamizo mdogo likipita kutoka kusini, kimbunga huvutwa kugeukia kusini. Na mikondo miwili ikikishindania kwa nguvu sawa, kinasimama hapo hapo, au kinafanya aliyoyafanya Hyacinthe. Vingi huingia Réunion kutoka kaskazini-mashariki. Belal alikuwa kaskazini-magharibi, upande wasiouzoea, na kila nukta mpya ilimpinda zaidi kuelekea kwetu.

Wanaokokotoa yote hayo wako mtaa wa Chaudron, hapo hapo mjini. Ofisi ya Météo-France ya Réunion ndiyo iliyopewa dhamana na Shirika la Hali ya Hewa Duniani ya kufuatilia vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, bahari yetu ikiwemo. Kule Marekani wana ndege za kupenya ndani ya kimbunga na kukipima. Huku hakuna, hivyo nguvu ya kimbunga hukadiriwa zaidi kwa kusoma umbo la mawingu yake kwenye picha za setilaiti. Na nikacheka niliposikia kwamba ofisi hii inayojua kila kitu kuhusu kimbunga haiwezi kukipa jina. Majina hutolewa na Mauritius kikipata nguvu mashariki ya longitudo 55, na Madagaska kikizipata magharibi yake. Réunion yenyewe imekaa karibu kabisa na mstari huo.

Jioni televisheni ilionyesha ramani tofauti na ya Tonton. Yake inaonyesha yaliyopita, hii ilionyesha yajayo, na yajayo hayakuchorwa kwa mstari mmoja. Yalichorwa kwa eneo jembamba mwanzoni na pana mwishoni, umbo la pia iliyolazwa. Kisiwa kizima kilikuwa ndani ya pia, pamoja na bahari nyingi ya kulia na kushoto. Wataalamu wa Miami, ambao nao huchora namna hiyo kwa ajili ya Atlantiki, hupima upana wa pia yao kwa makosa yao wenyewe ya miaka mitano iliyotangulia, na hukiri kwamba karibu mara moja katika kila tatu jicho la kimbunga hutoka nje yake. Nilimtazama Koko nikitarajia aulize swali ambalo nyumbani lingeulizwa na kila mtu: sasa kinakuja au hakiji? Hakuuliza. Alitazama kama tumo ndani ya pia, akaona tumo, akaenda kujaza ndoo za maji.

Hapo nilikumbuka Aprili 2021, kimbunga Jobo alipokuwa akielekea pwani yetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza, watu wakajiandaa nusunusu, na Jobo akafifia bila kishindo. Kilichofuata ni mizaha, kwamba kimbunga kiliiona Dar es Salaam kikaghairi. Miaka miwili kabla yake, Mtwara walifunga shule kumngoja Kenneth, naye tarehe 25 Aprili 2019 akatua ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado, akaua watu na kubomoa miji. Nimewahi kusikia watu wakiyataja yote mawili kwa pumzi moja kuwa ni mifano ya utabiri wa uongo. Koko ana ndugu Ngazidja, ambako Kenneth alipita jirani usiku wa kuamkia siku ile. Nilipomsimulia habari ya mizaha yetu alisema, “Mwanangu, kwani kimbunga kikikupita unataka urudishiwe nauli?”

Serikali ya kisiwa huwa na rangi zake. Ikianza tahadhari ya awali, maisha yanaendelea. Rangi ya chungwa, shule zinafungwa na kila mtu anamaliza manunuzi. Nyekundu, hakuna kutoka nje, na anayekutwa barabarani anaweza kutozwa faini. Juu yake wameongeza zambarau, na hiyo ikitangazwa hata zimamoto na waokoaji hujifungia: ukiumia, unasubiri. Sisi tunayo angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, ngazi zilizo wazi vya kutosha. Tofauti niliiona kwenye miguu ya watu. Rangi ya chungwa ilipotangazwa, hakuna aliyesimama kujadili rangi. Kijana wa duka la mkate alianza kuingiza viti, Koko akashusha vyungu vya maua kutoka ukutani, Tonton akafunga mlango wa banda la kuku kwa waya. Jua lilikuwa linawaka.

Nisiwasifu kupita kiasi. Amri ya kukaa ndani inahitaji ndani penye maana. Kimbunga cha Januari 1948 kiliua watu 165 kisiwani hapa, wakati ambapo wengi waliishi kwenye vibanda vya mbao na nyasi. Zege lilikuja baadaye, na fedha ya Ufaransa nyuma yake. Mwenye nyumba dhaifu leo hufunguliwa shule apate hifadhi. Mvuvi wa Songosongo mwenye paa la makuti ukimwambia ajifungie ndani, hujamwambia kitu.

Jumapili tarehe 14, saa mbili usiku, ikaingia nyekundu. Milango ya madirisha ikafungwa, nyumba ikawa na joto la tanuri, na Koko akawasha Radio Freedom. Redio hii, iliyoanza 1981, imejijengea jina kwa wasikilizaji wake. Wanapiga simu na kuingia hewani moja kwa moja, na usiku wa kimbunga hakuna kipindi kingine. Mtu wa Saint-André anasema bati la jirani limeondoka. Mtu wa milimani anasema kwake kimya kabisa, ana wasiwasi na kimya hicho. Mwanamke anauliza nani amemwona mbwa wake. Mtangazaji anampokea kila mmoja bila haraka, wengi wakizungumza Kikreoli. Tulikuwa gizani, umeme umekatika, redio ya betri iko mezani, na nilijua upepo unavyofanya katika kila pembe ya kisiwa kuliko nijuavyo Mbagala kunavyonyesha nikiwa Mwenge.

Saa kumi na mbili asubuhi, zambarau. Upepo ule sina la kuusimulia zaidi ya kwamba haukuvuma kwa mfululizo. Ulikuwa unanyamaza kiasi cha kukufanya uinue kichwa, kisha unapiga ukuta. Maji yaliingia chini ya mlango, tukayazuia kwa mataulo. Koko alisali, akalala kidogo, akaamka, akapika wali kwa gesi.

Niliyafikiria ya Aprili 1872. Kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha vyombo vya Sultani Barghash bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa, lakini Pemba, ng'ambo ya mkondo, ikasalimika. Ndiyo maana hadi leo karafuu ni ya Pemba. Kimbunga kile kingesogea kidogo tu kaskazini, pengine tungekuwa na historia nyingine ya watu wanaomiliki mashamba na wanaoyavuna. Hakuna aliyekuwa na ramani ya penseli siku ile. Na miezi michache baada ya safari yangu, tarehe 4 Mei 2024, kimbunga Hidaya alitua Mafia akiwa amepungua nguvu. Boti za Unguja zilikuwa zimesitishwa mapema. Mvua ikaikata barabara ya Kusini pale Somanga, na Lindi na Mtwara zikatengwa na Dar es Salaam. Mara hii mizaha ilikuwa michache.

Belal alipoondoka, Réunion ilibaki na miti iliyolala barabarani, maelfu ya nyumba bila umeme wala maji, na majirani wenye mapanga na misumeno wakifungua njia hata kabla magari ya manispaa hayajafika. Mshangao ulitoka Mauritius. Jicho la Belal halikupita juu yake, lilipita kusini, lakini Jumatatu ile watu walikuwa wamekwenda kazini kama kawaida, na mvua ikaifurisha Port Louis hadi magari yakaelea mitaani. Lawama zikaelekea idara ya hali ya hewa, na mkurugenzi wake akaachia ngazi.

Jambo hilo liliwagombanisha Koko na Tonton barazani. Tonton alishikilia kwamba mtu yule alionewa: pia inaeleza jicho litapita wapi, haielezi mvua itafika wapi, na mitaro ya Port Louis haikuchimbwa na watabiri. Koko alijibu kwamba mama aliyekwenda kazini asubuhi ile hakuhitaji kujua habari za jicho, alihitaji kuambiwa akae nyumbani. Tonton akasema wakiambiwa kukaa nyumbani kila kimbunga kikipita kusini, mara ya tatu hawatakaa. Koko akasema yeye angekaa hata mara ya kumi. Walikuwa hawajamalizana redio ilipotaja eneo jingine la mgandamizo mdogo wa hewa karibu na Mauritius, lile ambalo kabla Januari haijaisha lilikuwa limeshapewa jina la Candice.