Inchi Moja ya Karatasi

Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walinena. Abram Games aliishika njia ya kinyume: alipunguza na kupunguza hadi kibaba kikaenea ndani ya punje.

Mchora mabango huyu, aliyezaliwa Whitechapel, mashariki mwa London, mwaka 1914, alijifunza kwa babake, mpiga picha, namna ya kutumia kifaa cha kupulizia rangi kwa hewa. Miongoni mwa waliompa kazi ni shirika la usafiri la London. Kazi hiyo si nyepesi. Abiria hasimami kulisoma bango. Hulipitia akilikimbilia gari moshi. Aghalabu huliona kwa mbali, na kilicho mbali huonekana kidogo. Kwa sababu hiyo, Games alizichora rasimu zake zikiwa ndogo mno. Alishikilia kwamba wazo lisilofaa likiwa na kimo cha inchi moja halitafaa kamwe, hata likikuzwa likaujaza ukuta. Vijichoro vilizaliwa vingi, vikakataliwa, hatimaye kimoja kikakuzwa.

Bango lake la mwaka 1976 kuhusu bustani ya wanyama ya London ni ushahidi tosha. Simbamarara ameundwa kwa vipande vya nembo ya usafiri: duara na ufito unaolikata. Ukiiondoa nembo, mnyama hana mwili.

Kanuni hii ya maana nyingi kwa nyenzo chache si ngeni kwa mtunzi wa tarbia, aliyebanwa na vina na mizani. Tofauti imo katika kinachosalia. Tungo za Muyaka bin Haji zilisalimika kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, lakini msomaji hupokea beti zilizokwisha kukamilika. Rasimu za mchoraji, kwa upande wake, huonyesha hata njia alizoziacha.

Siku hizi mchoraji na mshairi hufanyia kazi kwenye kompyuta, na kila sahihisho laweza kulifuta lililotangulia. Hapo mhakiki hatajua mtunzi alikataa nini, naye mwanagenzi ataamini kwamba mabingwa hawakosei wala hawafuti. Imani hiyo imewavunja wengi kalamu mapema. Basi anayetunga na atunze pia alichokifuta.