Kijana wa Dukani na Ahadi ya Tajiri

Nyumbani kwetu ni Ngumbo, pwani ya Ziwa Nyasa. Zamani tulikuwa katika Wilaya ya Mbinga, na tangu mwaka 2012 tumo katika Wilaya ya Nyasa. Kazi zetu ni kulima muhogo na kuvua samaki. Usiku wa giza, mwezi usipoonekana, wavuvi huwasha taa ziwani ili dagaa wasogee. Asubuhi dagaa huanikwa, na wakishakauka wachuuzi huwapandisha milimani Mbinga, kwa Wamatengo wenye kahawa, au huwapeleka mpaka Songea.

Katika biashara hii kijana asiye na fedha humtumikia mwenye nyavu au mwenye duka. Hula kwake, hulala kwake, wala hana mshahara. Huambiwa, “Fanya kazi, mwanangu, mbele nitakutazama.” Neno hilo “nitakutazama” ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kaka yangu alimtumikia tajiri mmoja, mbali na kwetu, kwa miaka mitano. Alifungua duka alfajiri, akalifunga usiku, akajua bei ya kila kitu na tabia ya kila mteja. Mwezi uleule alioahidiwa mtaji wake, tajiri alisema kwamba fedha za dukani zimepungua. Hapakuwa na daftari wala shahidi. Kaka alirudi nyumbani na mfuko uleule aliotoka nao. Mama hakumwuliza neno. Alimpakulia ugali wa muhogo, akakaa karibu naye mpaka alipomaliza kula.

Baadaye mwalimu wetu wa Biashara alitufundisha habari za Waigbo wa mashariki ya Nigeria. Nilistaajabu, maana nilidhani anasimulia mambo ya kwetu. Huko nako kijana huenda kukaa kwa mfanyabiashara, mara nyingi kwa miaka mitano hadi minane, bila mshahara. Desturi hiyo huitwa igba boi. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Muda wa kutumika hupatanwa mbele ya jamaa wa pande mbili, na ukiisha, tajiri hupaswa kumpa kijana mtaji wa kuanzia: fedha, au bidhaa, au kodi ya duka. Naye akisimama, huchukua vijana wengine. Tajiri husifiwa kwa idadi ya watu aliowasimamisha.

Nguvu ya desturi hiyo ilionekana baada ya vita vya Biafra, vya mwaka 1967 hadi 1970. Sisi Watanzania vita hivyo vinatuhusu, kwa kuwa nchi yetu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuitambua Biafra, mwezi wa Aprili 1968. Vita vilipokwisha, waliokuwa na akiba benki walilipwa paundi 20 tu, hata kama walikuwa wameweka maelfu. Basi watu walianza upya karibu mikono mitupu. Aliyepata kiduka alimchukua mtoto wa ndugu yake, na mtoto huyo alipokomaa akamchukua mwingine. Hivyo masoko ya Onitsha, Aba na Nnewi yalijaa tena.

Hata hivyo, tusidhani kwamba Waigbo ni malaika. Kwao pia wako matajiri ambao, siku ya malipo ikikaribia, humsingizia kijana wizi. Niliposikia hivyo nilimkumbuka kaka, nikafahamu kwamba desturi njema peke yake haitoshi. Hapana budi ahadi iwe na mashahidi na hesabu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba na jasho ni mali.

Likizo iliyopita mjomba alimtaka mdogo wangu akamsaidie katika biashara ya dagaa. Nilileta daftari, nikaomba tuandike. Mjomba alikasirika. “Mimi niliyekulipia sare za shule, leo wataka kuniandika kama mwizi?” Mama naye aliona haya, akaniambia niondoke. Nilimjibu mjomba kwa heshima kwamba simwogopi yeye, bali naogopa kusahau. Na kwamba daftari litamlinda yeye pia, mdogo wangu akija kudai kisicho chake.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akamtazama kaka, aliyekuwa akishona wavu pembeni bila kusema lolote. Ndipo alipotuma wazee wawili waitwe. Tuliandika: miaka mitatu, hesabu zisomwe kila mwisho wa mwezi, mwishoni madebe 20 ya dagaa wakavu na nauli ya kuwafikisha Songea. Mjomba alitia sahihi, na wazee pia. Mpaka leo hanichangamkii kama zamani, na jambo hilo linaniuma.

Lakini kila mwisho wa mwezi hesabu husomwa, na mdogo wangu ndiye anayezisoma.

Ndugu wanafunzi, wengi wetu tutamaliza shule na kuingia katika biashara, wengine kama vijana wa dukani, na wengine, Mungu akipenda, kama matajiri. Ukiwa kijana, omba ahadi yako iandikwe. Ukiwa tajiri, usingoje kuombwa.